Soko la bodaboda Kibondo na Kasulu: Nafasi ya miguu ya abiria ni sehemu ya mtaji

MFANYABIASHARA anayenunua pikipiki ya kubeba abiria huko Kibondo au Kasulu kwa kawaida huuliza mambo manne: bei yake, inavyokula mafuta, upatikanaji wa spea, na thamani yake itakapouzwa mkononi. Maswali hayo ni sahihi. Hata hivyo, lipo la tano ambalo mara nyingi husahaulika, nalo lina uzito katika kuamua kama abiria aliyepanda leo atamtafuta dereva yule yule kesho. Je, miguu ya abiria itakaa wapi?

Kwa safari ya dakika kumi ndani ya mji swali hilo halina uzito. Lakini katika nyanda za juu za Kigoma safari nyingi si za dakika kumi. Mnunuzi wa maharage anayetoka kijijini kwenda soko la wilaya, mama anayempeleka mtoto hospitali, mwalimu anayefuata mshahara benki, wote wanaweza kukaa nyuma ya dereva kwa saa nzima au zaidi, kwenye udongo mwekundu wenye mawe na makorongo. Abiria wa namna hiyo akishuka huku miguu imekufa ganzi, hatamlaumu mtengenezaji wa pikipiki. Atabadilisha dereva, na mwenye pikipiki hatajua kwa nini hesabu ya jioni imepungua.

Makala hii inaeleza nafasi hiyo ya miguu inatokana na nini, jinsi ya kuiongeza kwa gharama ndogo, na nani anapaswa kulipa gharama hiyo.

Barabara imebadilika, safari zimebadilika

Katika miaka ya 1990 usafiri wa mtu wa kawaida katika wilaya hizi ulikuwa baiskeli, lori la mizigo, au miguu yake mwenyewe. Pikipiki zilikuwa chache, nyingi zikiwa za idara za serikali, misheni na mashirika yaliyohudumia kambi za wakimbizi waliomiminika kutoka Burundi baada ya Oktoba 1993. Pikipiki hizo zilimbeba mtumishi mmoja na makaratasi yake. Abiria wa nyuma hakuwa sehemu ya biashara.

Mambo yalibadilika pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipofika kwa wingi, na serikali ilipotoa mwaka 2010 kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji. Leo usimamizi wa leseni hizo uko chini ya LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019.

Mabadiliko ya pili ni lami. Mwaka 2018 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi wa barabara ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu kwenye mpaka wa Burundi, upande wa Tanzania ukiwa na kilomita 260 hivi. Lami inapofika, basi na gari dogo huchukua safari ndefu ya mji hadi mji. Kutoka Kasulu hadi Kibondo ni zaidi ya kilomita 100, na bodaboda haiwezi kushindana na basi kwa umbali huo. Kinachobaki mikononi mwa bodaboda ni safari za pembeni, yaani kutoka barabara kuu kwenda vijijini, mashambani na masoko ya mpakani kama Mabamba. Hizo ndizo njia mbovu zaidi, na ndizo zinazotesa miguu ya abiria kuliko zote.

Kwa maneno mengine, soko linamsukuma mwenye pikipiki kwenye njia ambako raha ya abiria ina thamani kubwa zaidi. Anayeliona hilo mapema atapata wateja wa kudumu.

Nukta tatu zinazoamua

Nafasi ya miguu ya abiria hutegemea nukta tatu: pale anapokalia, pale anapokanyaga, na pale anaposhika. Pikipiki nyingi za biashara zina urefu wa kama mita 1.2 hadi 1.3 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Katika urefu huo mdogo mtengenezaji amepanga tangi, dereva, abiria na keria. Ni dhahiri kwamba kuna mmoja atakayebanwa, na mara nyingi ni abiria.

Dalili za kubanwa ni rahisi kusoma. Vikanyagio vikiwa karibu mno na siti, magoti hupanda juu na kukunjika sana. Uzito wote hubaki kwenye makalio na kifandugu, damu haipiti vizuri nyuma ya goti, na mguu hufa ganzi. Vikanyagio vikiwa chini mno, unyayo haufiki vizuri, paja hubeba uzito wa mguu mzima, na kila korongo humwinua abiria kwa sababu hana pa kujikazia. Hali inayofaa iko katikati: unyayo umetulia kabisa, goti limekunjika kama la mtu aliyekaa kwenye kiti cha kawaida au limenyooka zaidi kidogo, na abiria anaweza kujiinua kidogo kwa miguu pikipiki inapovuka shimo.

Jambo hilo la mwisho ni muhimu. Kwenye njia mbovu miguu ya abiria ni shokapu yake ya pekee. Akinyimwa pa kukanyaga vizuri, mgongo ndio unaopokea kila pigo.

Kikanyagio kimefungwa wapi?

Hapa ndipo mnunuzi anapopaswa kuinama na kutazama chini ya pikipiki kabla ya kutoa fedha. Vikanyagio vya abiria hufungwa kwa namna mbili. Katika baadhi ya pikipiki vimefungwa kwenye fremu. Katika nyingine vimefungwa kwenye ule uma wa nyuma unaoshika gurudumu, ambao mafundi huuita swingamu.

Namna ya pili inajulikana tangu Honda CG125 ya miaka ya 1970, pikipiki iliyobuniwa kuwa imara na rahisi kutengeneza katika nchi kama zetu. Viwanda vingi vya China vilifuata muundo wa pikipiki hiyo, na baadhi vikabaki na vikanyagio vya kwenye swingamu. Ni rahisi kutengeneza, lakini ina kasoro moja kubwa kwa abiria. Swingamu iko chini ya shokapu. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, swingamu hupanda nalo, na kikanyagio vivyo hivyo. Siti iko juu ya shokapu, kwa hiyo inapungua mtikisiko. Unyayo wa abiria hauna kinga hiyo. Kila jiwe linalopigwa na tairi hufika moja kwa moja kwenye kisigino, na goti hukunjwa na kukunjuliwa mamia ya mara kabla ya kufika sokoni.

Kikanyagio kilichofungwa kwenye fremu hupanda na kushuka pamoja na siti. Umbali kati ya makalio na unyayo haubadiliki, na shokapu humhudumia abiria mzima. Kwa mtaji ule ule, pikipiki yenye vikanyagio kwenye fremu ni chaguo bora kwa njia za udongo. Ni rahisi kujua: mtu mmoja akae nyuma na kuruka kidogo juu ya siti, mwingine atazame. Kikanyagio kikishuka pamoja na siti, kiko kwenye fremu. Kikibaki mahali pake wakati siti inashuka, kiko kwenye swingamu.

Marekebisho, kuanzia ya bei nafuu

Asiye na uwezo wa kubadilisha pikipiki bado ana hatua za kuchukua. Tunazipanga kuanzia ile ya gharama ndogo.

Kwanza ni raba za vikanyagio. Raba ikiisha, abiria hukanyaga chuma kitupu, ambacho hutikisika na injini na huteleza kikilowa. Msimu wa mvua, unaoanza Oktoba na kuendelea hadi Mei kwa vipindi, kikanyagio kisicho na raba ni hatari kwa abiria mwenye kandambili zenye tope. Raba mpya ni spea ndogo, lakini ni ya kwanza kuonwa na mteja.

Pili ni siti. Fundi siti anaweza kuongeza sponji ngumu upande wa abiria. Sponji ikipanda sentimita tatu au nne, umbali kutoka makalio hadi kikanyagio huongezeka kwa kiasi hicho hicho, na goti hufunguka. Sponji laini haifai, kwa kuwa hubonyea ndani ya muda mfupi na abiria hurudi alipokuwa. Aidha, siti isiinuliwe mno, maana abiria mfupi au mzee atashindwa kupanda, na uzito ukiwa juu pikipiki huyumba.

Tatu ni mkono wa kushika. Abiria asiye na pa kushika hujizuia kwa kubana miguu, na miguu inayobanwa saa nzima huchoka hata kama nafasi ipo. Keria yenye chuma kizuri cha pembeni humwezesha kutumia mikono, na miguu ikapumzika.

Nne ni kuhamisha kikanyagio au kukiongezea upana. Pikipiki kubwa za safari ndefu zinazouzwa Marekani na Ulaya, kama Honda Gold Wing na zile za Harley-Davidson za utalii, humpa abiria ubao mpana wa kukanyagia badala ya chuma chembamba. Ubao huo humwezesha kusogeza unyayo mbele na nyuma na kubadilisha pembe ya goti bila kusimamisha safari. Fundi wa kuchomelea wa Kasulu anaweza kutengeneza kibao kidogo cha bati nene chenye raba juu yake, kikafungwa kwa bolti kwenye kikanyagio kilichopo. Upana wa kiganja cha mkono unatosha. Kibao kipana zaidi kitagonga mawe na kingo za korongo pikipiki inapolala kwenye kona.

Eksozi na nguo

Nafasi ya miguu isiyo salama si nafasi. Eksozi ya pikipiki nyingi hupita upande wa kulia, karibu kabisa na kigimbi cha abiria. Kinga ya eksozi inapong'oka, mara nyingi hairudishwi. Matokeo yake ni majeraha ya moto kwenye mguu, hasa kwa watoto na kwa wanawake waliovaa kitenge. Bati la kinga lenye nafasi ya hewa kati yake na bomba ni gharama ndogo. Dereva naye amzoeze abiria kupanda na kushuka kushoto, mbali na eksozi na mbali na magari. Mtu akiungua, mguu uwekwe chini ya maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mafuta ya kula havifai.

Kuhusu nguo, India inatupa somo. Kanuni zake za magari za mwaka 1989 zinataka kila pikipiki inayobeba abiria iwe na kishikio cha kudumu, kikanyagio cha abiria, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo isinaswe. Kanuni hiyo inamfaa mwanamke aliyevaa sari. Sari ya India na kitenge cha Buha ni ndugu mbele ya spoku: ncha ikiingia kwenye gurudumu, mwenye nguo huvutwa. Kwa hiyo mfanyabiashara anayenunua pikipiki ya Kihindi aangalie kama kinga hiyo ipo upande wa kushoto. Kama haipo, fundi wa kuchomelea anaweza kutengeneza ya nondo nyembamba na wavu. Abiria mwenye kitenge ambaye haogopi kunaswa hahitaji kukunja miguu juu, na hapo nafasi yake huongezeka bila kuhamisha kitu chochote.

Mzigo unapokula nafasi ya abiria

Katika wilaya za kilimo abiria mara chache husafiri mikono mitupu. Ana debe la maharage, mkungu wa ndizi, dumu la mawese. Dereva hufunga mzigo pembeni, sawasawa na vikanyagio, na abiria hulazimika kuning'iniza miguu au kuikunja juu ya mzigo. Mguu unaoning'inia huweza kuingia kwenye spoku au kugonga kisiki.

Wengine hutatua tatizo kwa kumsogeza abiria nyuma, juu ya keria. Hesabu inaonyesha hatari yake. Abiria wa kilo 70 akikaa sentimita 20 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye pikipiki yenye urefu wa mita 1.25 kati ya ekseli, anapunguza kama kilo 11 za uzito uliokuwa ukikandamiza gurudumu la mbele. Kwenye tambarare dereva huenda asitambue. Kwenye mlima mkali usukani unakuwa mwepesi, na gurudumu la mbele linaweza kuinuka. Utaratibu ulio bora ni mzigo mzito kukaa chini na karibu na katikati ya pikipiki, ule mwepesi ukae keria, na vikanyagio vibaki wazi daima. Mzigo usioingia hivyo ulipiwe safari yake. Na abiria wa pili, yaani mshikaki, hana kikanyagio cha aina yoyote; huyo hakuna marekebisho yanayomfaa.

Mambo yasiyofaa kufanywa

Mafundi wengi wana ujuzi, lakini mwenye mali ajue mipaka. Swingamu isichomelewe kipande cha ziada cha kikanyagio. Moto wa kuchomelea hubadilisha ugumu wa chuma kilichobeba gurudumu, na ufa ukianza pale hauonekani hadi siku ya ajali. Fremu nayo isitobolewe ovyo. Bano la kufunga kwa bolti ni salama zaidi na huondoleka pikipiki inapouzwa. Kikanyagio kinachokunjika kisigeuzwe kuwa cha kudumu, kwa kuwa pikipiki ikianguka kile kinachokunjika huupa mguu nafasi, na kisichokunjika huubana.

Nani alipe?

Hapa tunafikia suala la fedha. Biashara ya bodaboda huendeshwa kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni hesabu: dereva humpelekea mwenye pikipiki kiasi kilichokubaliwa kila siku, ziada ni yake. Ya pili ni mkataba: dereva hulipa kwa siku au kwa wiki hadi deni liishe, kisha pikipiki inakuwa yake.

Katika hesabu kuna mgongano wa maslahi. Mwenye pikipiki akitengeneza siti na vikanyagio, gharama ni yake, lakini safari za ziada humnufaisha dereva kwanza. Dereva akitengeneza mwenyewe, anaboresha mali ya mtu mwingine ambayo anaweza kunyang'anywa kesho. Matokeo ni kwamba kila mmoja anamsubiri mwenzake, na abiria anaendelea kukanyaga chuma kitupu. Katika mkataba mgongano huo ni mdogo, kwa sababu dereva anaboresha pikipiki itakayokuwa yake.

Tuchukue mfano wa hesabu tu, si bei ya soko. Marekebisho yote yamegharimu Sh 40,000. Kwa sababu hiyo dereva anapata safari moja ya ziada kwa siku, inayoacha Sh 1,000 baada ya mafuta. Gharama inarudi kwa siku 40 za kazi, na baada ya hapo ni faida. Wakigawana nusu kwa nusu, kila mmoja ametoa Sh 20,000. Mwenye pikipiki anaweza kurudishiwa fungu lake kwa nyongeza ya Sh 500 kwenye hesabu kwa siku 40, kisha hesabu ikarudi ilivyokuwa. Msomaji aweke tarakimu za kwao. Jambo la msingi ni kwamba makubaliano yaandikwe kabla fundi hajaanza kazi.

Kwa mwenye duka la spea

Mwekezaji mdogo asiyetaka kumiliki pikipiki anaweza kuingia sokoni kupitia bidhaa zenyewe. Raba za vikanyagio, vikanyagio vyenye springi na pini zake, bolti, mabano, bati za kinga ya eksozi na sponji ngumu ni bidhaa zisizooza, hazichukui nafasi kubwa, na hazihitaji mtaji mkubwa kama injini au matairi. Tahadhari ni mbili. Kwanza, raba na pini hutofautiana kwa aina ya pikipiki. Ahesabu kwanza ni aina gani zinazoegeshwa vijiweni mwake kabla ya kuagiza. Pili, mauzo ya raba hufuata mvua na fedha za mavuno; mzigo uingie kabla ya mvua, si katikati yake.

Ushauri kwa mnunuzi

Kabla ya kulipa, mnunuzi asiridhike kuijaribu pikipiki akiwa mbele. Akae nyuma, amwachie mwingine usukani, wapite njia ya udongo kwa dakika 15, huku amevaa viatu ambavyo wateja wake huvaa. Goti likianza kuuma, unyayo ukiteleza, au kigimbi kikihisi joto la eksozi, ameshajua kile ambacho wateja wake wangejua baada yake. Ama aombe bei ipungue kwa kiasi cha marekebisho, ama atafute nyingine. Bei ya mafuta hupangiwa kikomo na EWURA kila mwezi, na bei ya pikipiki huamuliwa mbali na Kigoma. Nafasi ya miguu ni miongoni mwa mambo machache ambayo mfanyabiashara wa Kibondo au Kasulu anaweza kuyaamua mwenyewe, kwa fundi wa mtaani, ndani ya siku moja.